Kukataa si kuvunja mkataba
Umeuliza iwapo mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, anayemkatalia mshirika wake kufanya mashambulizi kutoka ardhi yake anavunja mkataba wa muungano huo. Havunji. Kifungu cha 5 cha mkataba huo kinahusu kumsaidia mwanachama aliyeshambuliwa, wala hakimlazimishi yeyote kutoa viwanja vyake vya ndege kwa vita ambavyo mwenzake ameamua kuvianzisha. Mfano ulio wazi zaidi ni Uturuki: tarehe 1 Machi 2003, wabunge 264 waliunga mkono hoja ya kuwaruhusu wanajeshi wa Marekani wapatao 62,000 waitumie nchi hiyo kuivamia Iraki kutoka kaskazini, 250 wakapinga na 19 hawakuegemea upande wowote, na kwa kuwa ulihitajika wingi wa wabunge wote waliohudhuria, yaani kura 267, hoja ilianguka kwa upungufu wa kura tatu tu. Uturuki ilibaki NATO. Naiheshimu sana kura ile, kwa sababu nchi inayotoa kituo ndiyo inayoweza kulipiziwa kisasi, na raia wake wana haki ya kusikilizwa kwanza. Mwaka 1986 pia, Ufaransa na Uhispania zilizinyima ndege za Marekani, zilizotoka Uingereza kwenda kuishambulia Libya, ruhusa ya kupita katika anga zao, ndege hizo zikalazimika kuzunguka baharini hadi mlango-bahari wa Gibraltar.