Maswali kwa Fundi: KiCad Inapolalamika

Barua nyingi zilizofika karakanani kwangu hapa Maweni, Malindi, msimu huu zinahusu KiCad, programu huria ya kuchorea saketi na bodi zake. Zimenifurahisha. Zamani watu waliniuliza wapi pa kununua bodi iliyokwisha tengenezwa. Sasa wanataka kuchora zao. Naanza na swali ambalo wengi wameliuliza kwa maneno tofauti.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nachora bodi ya taa za mashua kwa wavuvi wa hapa kwetu. Betri ya volti 12 inaingia kwenye kiunganishi cha skrubu, umeme unapita kwenye fyuzi, kisha kwenye regyuleta ya 7805 inayoushusha hadi volti 5 na kulisha chipu. Kila nikikagua mchoro, KiCad inasema pini ya kupokea umeme haina kinachoilisha. Nimeufuata waya kwa kidole kutoka betri hadi regyuleta na haujakatika popote. Rafiki yangu anasema nilizime onyo hilo niendelee na kazi. Nifanye nini?
*Kijana wa Mambrui*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilizime kwanza. Elewa linatoka wapi, kwa sababu ujumbe huohuo hutokea kwa hitilafu mbili zisizofanana, na moja kati ya hizo itakuharibia bodi.

Katika KiCad kila pini ina aina yake. Zipo za kuingiza ishara, za kutoa ishara, zisizo na upande, za kupokea umeme na za kutoa umeme. Mguu wa kuingilia wa 7805 umeandikwa kuwa unapokea umeme, na mguu wake wa ardhi vilevile. Kiunganishi chako cha skrubu kimeandikwa kuwa hakina upande. Wewe unajua kuna betri nyuma yake, lakini programu inaona vipande viwili vya chuma tu. Kwa hiyo inakuambia ukweli wa kile ulichochora: kuna anayepokea, hakuna anayetoa.

Dawa yake ni alama iitwayo PWR_FLAG. Haiuzwi dukani wala haitokei kwenye bodi. Kazi yake ni kuiarifu programu kwamba umeme wa neti hii, yaani kundi hili la nyaya na pini zilizoungana, unatoka nje ya mchoro. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapokwama: usiiweke upande wa betri. Fyuzi ina miguu miwili, na kila mguu uko kwenye neti yake. Umeme unavuka, lakini kwa KiCad neti ya kabla ya fyuzi imeishia hapo na nyingine imeanza. Iweke alama baada ya fyuzi, kwenye waya unaogusa mguu wa kuingilia wa 7805. Weka nyingine kwenye ardhi. Upande wa volti 5 usiweke kabisa, kwa sababu mguu wa kutokea wa 7805 tayari umeandikwa kuwa unatoa umeme. Ukiongeza PWR_FLAG pale, utapata kosa jipya la watoaji wawili kwenye neti moja.

Hitilafu ya pili ndiyo ya kuogopa. Tuseme kwenye regyuleta umeweka alama ya +5V, na kwenye chipu ukaweka VCC. Machoni pako ni umeme uleule. Kwa KiCad majina mawili ni neti mbili, na chipu yako haijaunganishwa na kitu. Ujumbe utakaoupata ni uleule wa pini isiyolishwa. Ukiuzima, au ukibandika PWR_FLAG juu ya VCC ili kelele ziishe, bodi itafika mkononi mwako ikiwa imekufa. Kwa hiyo kabla ya kubandika alama yoyote, iangazie neti nzima kwa rangi na utazame inafika wapi. Ikifika hadi kwenye kiunganishi au fyuzi, PWR_FLAG ni halali. Ikiishia hewani, tafuta jina lililokosewa.

Vilevile kagua vikuza ishara kama LM358. Katika mchoro, chipu hii imegawanywa vipande vitatu: vikuza viwili, na kipande cha tatu chenye mguu wa 8 na wa 4 peke yake, yaani umeme na ardhi. Anayeanza huweka vile viwili na kukisahau cha tatu.

Jambo moja hukuniuliza lakini limenikaa moyoni. Betri ya asidi ikiwa inachajiwa hufika hata volti 14.4. Ukivuta nusu ampea kupitia 7805, regyuleta itachoma volti 9.4 mara 0.5, yaani karibu wati 4.7, kwa joto tupu. Bila bamba la kupozea haitavumilia, na ndani ya kisanduku kilichofungwa kuzuia maji ya bahari hali itakuwa mbaya zaidi. Nunua regyuleta ya kukatakata umeme. Wavuvi wanaitegemea taa hiyo usiku.

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Kwenye mchoro wangu nyaya zinagusana kabisa, lakini nikihamia kwenye bodi, vifaa vingine havina uhusiano wowote. Je, programu ina kasoro?
*Msomaji wa Matondoni, Lamu*

JIBU: Waaleikum salaam, kaka. Programu haina kasoro. Nyumba mbili za Amu zinaweza kutazamana uchochoroni hadi kuta zikakaribia kugusana, na bado si nyumba moja mpaka pajengwe wikio juu ya njia. Nyaya nazo ni hivyo hivyo: zikipishana bila kitone pale zinapokutana, hazijaungana.

Ila wewe nadhani tatizo lako ni gridi. Alama za vifaa vya KiCad zimepangwa kwenye gridi ya milimita 1.27. Ukibadili gridi ikawa ndogo katikati ya kazi, au ukachora alama yako mwenyewe kwa milimita nzimanzima, ncha ya waya itakosa ncha ya pini kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Vuta picha karibu sana. Pini isiyounganishwa ina kiduara kidogo kwenye ncha yake, na kiduara hicho hutoweka waya ukishika. Rudisha gridi kwenye 1.27, chagua kila kitu, kisha tumia amri ya kulinganisha vitu na gridi. Baada ya hapo pitia waya mmoja mmoja, kwa sababu amri hiyo inaweza kusogeza ncha ikagusa isipotakiwa.

Halafu bonyeza F8 ili mabadiliko ya mchoro yaingie kwenye bodi. Wapo wanaorekebisha mchoro vizuri kabisa, wakasahau F8, wakabaki kuilaumu bodi ya jana.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, Lamu. Nimeanzisha kikundi cha wanafunzi wa elektroniki. Laptopu za shule ni kuukuu. Kwenye moja dirisha la bodi linafunguka jeusi tupu. Kwenye nyingine faili la mwanafunzi linakataa kufunguka, ingawa nyumbani kwao linafunguka. Na intaneti yetu ni ya bando.

JIBU: Mwalimu, kwanza pokea heshima yangu. Kazi hiyo ni kubwa.

Dirisha jeusi ni suala la kadi ya michoro. KiCad huchora bodi kwa kutumia OpenGL, yaani njia ya programu kuitumia kadi hiyo, na inahitaji toleo la 2.1 au la juu zaidi. Laptopu kuukuu huenda inaliweza toleo hilo ila draiva yake ni ya zamani, kwa hiyo sasisha draiva kwanza. Ikishindikana, kwenye mapendeleo kuna njia ya pili ya kuchora inayoiachia prosesa kazi yote. Itakuwa nzito kidogo, na picha ya bodi ya pande tatu huenda isionekane, lakini kazi ya darasa itafanyika.

Kuhusu faili, nina hakika mwanafunzi ana toleo jipya kuliko la shule. KiCad mpya hufungua faili za zamani bila shida, lakini ya zamani haifungui za mpya. Na ukishahifadhi faili kwa toleo jipya, huwezi kulirudisha nyuma. Toleo la 6 lilitoka mwishoni mwa 2021, la 7 Februari 2023, la 8 Februari 2024, la 9 Februari 2025. Chagueni toleo moja kwa mwaka mzima wa masomo, lile ambalo laptopu dhaifu kuliko zote inalimudu, na kila mmoja aliweke, nyumbani na shuleni.

Bando lisikusumbue. Faili la kusakinisha lina uzito unaopita gigabaiti moja, lakini unalipakua mara moja tu, mahali penye intaneti nzuri, unalitia kwenye flashi na kuwagawia wote. Leseni yake ya GPL inaruhusu waziwazi kunakili na kugawa. Hakuna anayeibiwa, na ningependa wanafunzi wako walijue hilo na kulieleza kwa wazazi wao. Wakibebeana kazi, wabebe folda nzima ya mradi. Faili la mchoro peke yake likifika bila alama na vifaa walivyojichorea, litawasumbua.

SWALI: Kitu cha bure kinaaminika kweli? Mjomba wangu anasema programu za bure ni za watoto kuchezea.
*Msomaji wa Ngomeni*

JIBU: Mwambie mjomba, kwa adabu, kwamba KiCad ilianzishwa 1992 na Jean-Pierre Charras nchini Ufaransa, na kwamba CERN, kituo cha utafiti wa chembe kilichoko Geneva, kiliweka wahandisi wake kuiboresha kwa miaka kadhaa. Hao si watu wa kuchezea.

Nawe unaandika kutoka Ngomeni! Kwenye jukwaa la San Marco, baharini mbele ya kijiji chenu, ndipo ilipofyatuliwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ndani yake mlikuwa na saketi zilizochorwa na binadamu kama wewe. Mtoto wa Ngomeni asiambiwe kwamba kuchora saketi ni kazi ya watu wa mbali.

SWALI: Bodi yangu ya kuendesha pampu ndogo ya maji imepita ukaguzi wote bila kosa hata moja. Nimeilehemu, lakini transista haifungui kabisa. Mchoro una BC547. Dukani nimepata 2N3904 nikaambiwa ni ileile.
*Dada wa Watamu*

JIBU: Dada yangu, kwa kazi hii umeme wao unafanana, lakini miguu yao imepangwa kinyume. Ishike transista bapa lake likikutazama, miguu chini. BC547, kuanzia kushoto, ni kolekta, besi, emita. 2N3904 ni emita, besi, kolekta. Ukiipachika kama mchoro wa BC547 ulivyoelekeza, imekaa kinyumenyume. Ing'oe, uigeuze nusu mzunguko, uilehemu tena.

KiCad isingeweza kukuonya. Yenyewe hukagua kama mguu namba 1 wa mchoro umefika kwenye tundu namba 1 la bodi. Haijui muuzaji amekupa nini. Ndiyo maana kabla ya kuagiza bodi yoyote mimi huichapa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, nikavitandaza vifaa vyenyewe juu yake, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji ikiwa pembeni. Kazi ya saa moja hivi. Inagundua miguu iliyogeuzwa, kapasita iliyonenepa kupita nafasi yake, na kiunganishi kilichotazama ndani badala ya nje.

Na kwa kuwa ni pampu: BC547 imewekewa kikomo cha miliampea 100, na 2N3904 ni 200. Pampu nyingi ndogo huvuta zaidi ya hapo. Tumia mosfeti, aina nyingine ya transista, ya kuendeshwa kwa volti 5, uweke dayodi kinyume sambamba na mota. Kwenye bodi nayo, usiache njia ya shaba ya pampu iwe nyembamba kama ile ya ishara. KiCad ina kikokotoo cha upana wa njia. Kwa ampea 5, shaba ya mikroni 35 upande wa nje, joto likiongezeka nyuzi 10 tu, kitakuambia karibu milimita 2.8.

SWALI: Nimetuma faili za Gerber, yaani michoro ya tabaka za bodi, kwa mtengenezaji, akajibu kwamba bodi haina matundu na ukingo wake haueleweki. Mimi naviona vyote.
*Msomaji wa Mpeketoni*

JIBU: Matundu hayaingii kwenye faili za Gerber za shaba. Yana faili lake, linalotengenezwa kwa kitufe kingine kwenye dirisha lilelile. Libonyeze, uliweke pamoja na mengine. Ukingo nao lazima uwe kwenye tabaka la Edge.Cuts na ufungike pande zote. Mara nyingi kona moja ina ufa wa sehemu ndogo ya milimita, na ukaguzi wa bodi utakuonyesha iko wapi. Ukishamaliza bonyeza B ili shaba ya ardhi ijazwe upya, toa faili zote tena, uzifungue kwenye GerbView, kitazamio cha Gerber kinachokuja na KiCad. Usichokiona pale, mtengenezaji naye hatakiona.