Maji moto ya Galanos jioni: usivue viatu kama bajaji iliyokuleta huioni

Mdogo wangu uliyeuliza habari ya kumpeleka mama mkwe Galanos, yale maji moto yetu ya hapa Tanga, Ijumaa, kwamba mtatoka mjini saa 11 jioni ukishatoka kazini, mchukue bajaji, aoge maji moto ya magoti, mrudi usiku, na kuna mtu kakwambia jioni ndo kwenyewe. Usiende hivyo. Nimesoma mikono inanitetemeka maana safari yako hiyo nimeshaienda mimi, hatua kwa hatua, mpaka magoti ya mgonjwa ni hayo hayo, na mama yangu mpaka leo ukimpa mbuzi na nazi anakuna nusu anaiweka chini, mkono unauma.

Ilikuwa Novemba 2019, mwaka ule vuli lilinyesha mno mtakumbuka. Mama alikuja kutoka Korogwe, magoti yamemvimba, yuko kwangu Makorora hapa Tanga mjini wiki ya pili na dawa za kuchua tumemaliza zote. Mimi maji moto nayajua tangu mtoto, wazee wetu waliokata mkonge walikuwa wakienda kujikanda kule, hata hilo jina Galanos ni la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, inasemekana yeye ndo aliyaona yanafaa kwa mwili uliochoka na kazi ya shamba. Basi nikasema nimpeleke mama. Kupajua nilikuwa napajua, kilichonipoteza ni kwamba nilisikiliza mtu.

Huyo mtu simtaji, ila yuko hapa Tanga na bado anawapeleka watu. Anajiita mwenyeji, anaweka picha kwenye status, leo Pangani kesho mapangoni keshokutwa maji moto. Nikamuuliza kistaarabu kabisa, kaka nataka kumpeleka bimkubwa, saa ngapi nzuri? Akanijibu dada nenda magharibi, mchana jua kali na maji moto vitamchosha mama, jioni kuna upepo na mvuke unapanda vizuri, na mimi nitakupa kijana wangu wa bajaji mwaminifu, we mpe hela yake yote ya kwenda na kurudi mapema ajaze mafuta, atawasubiri pale pale. Nikamshukuru. Nikamwombea na dua. Baadaye sana nikaja kujua kwenye ile elfu 30 niliyotoa yeye alikuwa na elfu 5 yake ndani, na huo ushauri wa kulipa yote mapema ulikuwa wa yeye kupata chake siku ile ile. Mtu umemweleza una mgonjwa, umemtajia mpaka presha, anakupangia saa inayomfaa dereva wake maana asubuhi na mchana dereva ana wanafunzi na watu wa sokoni. Nikimkumbuka moyo unachemka upya.

Tukatoka Makorora saa 11 kasoro. Unashika barabara ya Horohoro, unapita njia ya kuingilia mapango ya Amboni, unakwenda mbele kama kilomita 2, unavuka daraja la mto Sigi, hapo ndo unakata uingie ndani tena kama kilomita 2 za vumbi, kwetu siku ile zilikuwa za tope. Sie tulipokwenda kibao hakukuwa, kijana akapitiliza tukarudi nyuma. Tumefika saa 11 na nusu imeshapita. Sasa hebu piga hesabu. Tanga mwezi wa 11 jua linazama kama saa 12 na robo hivi, hata Februari ambapo linachelewa kuliko miezi yote halifiki saa 1, na huku kwetu likishazama hakuna kujivutavuta, adhana ya magharibi ikiisha unatafuta tochi. Kwa hiyo tulikuwa na dakika kama 40 za mwanga, na mimi nilikuwa naziona nyingi.

Maji yenyewe ya kijani, yana harufu ya mayai viza, hiyo ni gesi ya kiberiti inatoka ardhini pamoja na maji, usishtuke na usidhani ni uchafu wa watu. Ila kama mama mkwe anavaa pete au bangili ya fedha mwambie avue aache nyumbani, pete ya mama ilitoka nyeusi tii na yeye akaanza kusoma Ayatul Kursiy akijua tumekanyaga mahali pa watu, kumbe ile gesi ikikutana na fedha inaipaka weusi, sonara akaisugua ikarudi. Hilo dogo.

Kosa langu hasa ni hili. Mama ameshavua, kajifunga kanga, nimemshika mkono anaingia taratibu, yule kijana akaniita: anti, nakwenda hapo Amboni mara moja naweka mafuta, dakika 10. Nikamwambia haya. Mkoba wangu uko kwenye kiti cha nyuma cha bajaji. Ndani ya mkoba simu, ndani ya mkoba hela, ndani ya mkoba dawa za presha za mama na koti lake. Nikamwambia haya kwa mdomo wangu, mpaka leo najiuliza ile haya ilitoka wapi. Nimeshamlipa, mkoba wangu anao yeye, chombo kinaondoka, na mimi niko na mgonjwa wa miaka 67 aliyevaa kanga mbili.

Dakika 10 zikapita, 20 zikapita. Mama ndani ya maji anasema mwanangu magoti yamelegea, sijasikia raha hii tangu mwaka juzi. Nje mbu wameanza na kaubaridi kanakuja, nguo kavu moja tu. Nikafikiria, nikimtoa nimuweke wapi? Hakuna pa kukaa, bajaji haipo, koti halipo, bora akae humo humo kwenye joto mpaka kijana arudi. Hapo ndo nilipomuumiza mama, kwa kumhurumia. Kwa presha yake alitakiwa akae dakika 10, au 15 basi, mimi nilimwacha karibu saa nzima.

Maji moto yanatanua mishipa ya damu, ndo maana unajisikia umelegea vizuri, lakini mishipa ikitanuka presha inashuka, na mtu anayekunywa vidonge vya presha vidonge navyo vinashusha, halafu anatoka jasho humo humo ndani ya maji bila kujijua, hajanywa hata tone la maji ya kunywa. Akiwa amekaa hajisikii kitu. Ila akisimama ghafla damu inabaki miguuni, kichwani haifiki, anaona giza. Na sie giza lenyewe lilikuwa limeshaingia. Mama akasema twende mwanangu tumeshapitwa na magharibi, akainuka mwenyewe kabla sijamfikia, nikasikia tu Allah, kisha kishindo. Aliangukia mkono kwenye jiwe. Nilimtafuta kwa kupapasa jamani. Mama yangu mzazi nampapasa kwenye tope simuoni, simu yenye tochi iko kwenye bajaji, nikipiga kelele najibiwa na vyura.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Hospitali walimfunga POP, ile plasta ngumu, akakaa nayo wiki 6, na utu uzima ule mfupa umeunga lakini nguvu haikurudi yote. Magoti tuliyoyapeleka kutibiwa yakasahaulika.

Tulivyotoka ni kwa rehema ya Mungu tu. Akapita mzee mmoja anatoka shamba anakokota baiskeli, akasikia ninavyolia, hakuuliza maswali mengi. Tukamfunga mama mkono kwa kanga, tukamkalisha kwenye karia, mzee kashika usukani mimi nashikilia kiuno, tope linatuvuta miguu, kilomita 2 tumezitembea zaidi ya saa nzima mpaka barabara kubwa. Pale ikasimama Noah inatoka Horohoro na abiria wamejaa, wakashuka watu wawili wenyewe wakasema mama akae. Sikupata hata kumuuliza yule mzee jina, na mfukoni sikuwa na senti ya kumpa, hilo nalo linaniuma kivyake.

Kijana wa bajaji alikuja Makorora saa 4 usiku kurudisha mkoba. Kila kitu kimo, hela yote, dawa zote. Sasa hapa ndo pa kusoma vizuri mdogo wangu, maana wengi wakisikia habari hii wanasema pole uliangukia mwizi. Hakuwa mwizi. Alipofika Amboni kupata mafuta akapata abiria wa Mabokweni, akaona si mbali, akapata mwingine wa kurudi, kisha pancha. Alikuwa kijana wa kawaida kama hao utakaowakuta stendi kesho. Ila hela yangu yote ya safari nzima ilikuwa mfukoni kwake, kwa hiyo kila dakika aliyokaa pale kutuangalia tunaoga aliiona ni hasara. Ningekuwa nimebaki na nusu ya hela yake mkononi, na mkoba nimeushika, asingekwenda kokote, na kama angekwenda angekimbia kurudi. Nimemkasirikia mwaka mzima ndo nikaja kuliona hili.

Kwa hiyo nakwambia kitu kimoja na ukikishika hiki mengine yote yatajipa: kama chombo kilichokuleta hukioni kwa macho yako, usivue viatu. Umeingia majini na kikaondoka, toka muda huo huo, kausha mgonjwa, kaeni mkiwa mmevaa. Usiseme haya. Nusu ya hela mpe kuondokea, nusu anaipata mkishafika mlangoni kwenu, na mwambie hivyo mbele ya dereva mwenzake kabla hajawasha, akikataa tafuta mwingine, bajaji Tanga zimejaa. Mafuta aweke mjini wewe ukiwa umekaa ndani. Mkoba unakwenda nao ukingoni, hata kama utalowa. Akisema anaenda kuchimba dawa basi achimbe hapo hapo karibu, funguo ya bajaji akuachie wewe. Ataona unamdhalilisha, mwache aone.

Nikimwambia mtu hivi ananijibu aa, mimi nina namba yake nitampigia. Hata mimi namba nilikuwa nayo, imo ndani ya simu, simu imo ndani ya bajaji. Mwingine ananiambia nitakwenda na boda. Boda na mama mkwe mwenye magoti njia ya tope usiku, hilo sitaki hata kulijadili.

Na habari ya jioni, yule aliyekwambia jioni ndo tamu mrudishie hiyo jioni yake. Nendeni Jumamosi asubuhi. Mkitoka mjini saa 2 mnaweza kuwa mmeshatoka majini kabla jua halijawa kali, na barabarani mchana magari yapo, hata kama dereva atakuangusha utasimamisha kitu. Najua umesema Jumamosi una shughuli ya watu, shughuli isogee. Kama haisogei basi safari isubiri wiki ijayo, magoti yamesubiri mwaka mzima. Ukiona lazima iwe siku ya kazi omba ruhusa utoke saa 8, ila saa 11 mkute mmeshavaa mnapanda chombo. Mapango nayo uliyosema mtaunganisha humo humo, na mama mkwe asiyeweza kuinama? Mle ndani kuna mahali mtu mzima anapita amejikunja. Hayo nenda na watoto siku nyingine mchana.

Akiingia majini, mwekee maji ya kunywa pembeni, magoti tu yakizama yanatosha, si lazima mpaka kifuani. Asizamishe kichwa, maji ya vuguvugu yaliyotulia hayafai kuingia puani. Angalia saa. Zikifika dakika 10 mwambie akae ukingoni miguu ikiwa bado ndani, apumue, ndo ainuke akiwa amekushika begani na si wewe umemshika yeye, mtu akianguka mkono wa kushikwa unachomoka.

Mimi niliyemuangusha alikuwa mama aliyenizaa, kanisamehe hata kabla hatujafika barabarani, njia nzima juu ya ile baiskeli ananibembeleza mimi eti usilie mwanangu ni ajali. Wewe huyo ni mama wa mumeo na amekuja kwako mgeni kutoka Handeni, fikiria unampigia mumeo usiku ule na simu ya nani.

Halafu kwenye swali lako umeandika magoti, sukari hana, basi. Presha hujasema kama anayo au hana, na kama anakunywa vidonge anakunywa saa ngapi. Muulize leo, na kama anayo mpitishe kwanza kwa daktari wake amwambie kama maji moto yanamfaa, kisha njoo uandike hapa.