Kukloni diski: maswali yenu, na hasira zangu kidogo

Nimekopi kila kitu cha diski C kwenye diski ya nje, mbona kompyuta haiwaki kwayo? (Masasi)

Umekopi mafaili, hujakloni, yaani hujanakili diski nzima jinsi ilivyo. Sehemu inayowasha Windows imejificha, kopi na pesti haiigusi. Tumia Clonezilla: ni programu ya bure na inawashwa kwa flashi. Swali hili sitalijibu tena.

Diski ni ya GB 500, nimetumia 90 tu. Diski mpya ya SSD ya GB 240 itatosha? (Lindi mjini)

Mafaili yataenea, ila Clonezilla kwa kawaida itagoma, inataka diski ya kupokelea isiwe ndogo kuliko chanzo. Ongeza hela ununue ya 512.

Nina steshenari Newala. Diski imekuwa nzito na mafaili mengine hayafunguki. Nikloni sasa au nisubiri msimu wa korosho upite?

Zima kwanza, dada, ndipo uendelee kusoma. Na kama kuna aliyekushauri kuendesha chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, mwambie aache, maana diski inayokufa haikarabatiwi, inaokolewa. Kazi hiyo ni ya ddrescue, programu ya kuokoa data: inachukua kwanza panaposomeka, pabovu inaparudia baadaye, na ukiiwekea faili la kumbukumbu, umeme ukikatika inaendelea ilipoishia. Kama diski inagonga tik-tik, hata ddrescue usiiguse. Wala usimruhusu fundi aifungue pale mezani penye vumbi.

Halafu angalia mwelekeo. Mimi mwenyewe, usiku mmoja, nilikuwa na diski mbili za kampuni moja, zote GB 500. Nikachagua tupu iwe chanzo. Programu iliniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikabonyeza ‘y’ mara mbili huku napiga miayo. Picha za miaka mitatu za mteja zikafunikwa na utupu. Siku hizi nabandika plasta yenye neno CHANZO, na nasoma namba ya utambulisho (serial number) iliyochapwa kwenye diski kabla ya kubonyeza.

Kloni yangu ipo salama kwenye begi la laptopu. (Mtwara)

Mwizi atashukuru. Ipeleke kwa shangazi Mikindani. Na kama uliikloni Januari, kazi za Juni haizijui.

Nikimaliza niache diski zote mbili zimechomekwa? (Nachingwea)

Hapana, zina utambulisho mmoja, Windows itachanganyikiwa. Chomoa ya zamani, funga mpya mahali pake, washa. Ikifika hadi kwenye deskitopu na mafaili yakafunguka, iliyochomolewa iweke kabatini.