Unayeshika kamera, shukuru: hapo ndipo goti linapofundishwa

Wiki iliyopita kijana aliye mwaka wa pili wa uzamili wa mifupa aliniandikia: "Shikamoo kaka. Kila nikiingia kwenye upasuaji wa goti wa matundu madogo naambiwa nishike kamera. Chombo cha kukatia sijawahi kukigusa. Nitajifunza lini?" Nilimjibu kwa ufupi, ila swali lake limenikaa moyoni. Mwezi huu nimetengeneza ligamenti ya msalaba ya mbele, ile kamba ya ndani ya goti inayozuia muundi usiteleze mbele, kuanzia tundu la kwanza hadi uzi wa mwisho, bosi wangu amesimama kando na mikono kaifunga kifuani, hakugusa kitu. Najivunia, siwafichi. Ndiyo maana nalijibu tena hapa kwa urefu, kwa sababu najua walio kama yeye ni wengi.

Wengi wetu huku tumelelewa na ajali za bodaboda. Kabla hujamaliza mwaka, msumari wa SIGN, ile fimbo ya chuma inayopita ndani ya mfupa uliovunjika, umeshauingiza kwenye paja, na msumari ule umebuniwa hivyo hivyo, skrubu zifungwe bila kutegemea mashine ya eksirei mezani. Unafungua nyama, unauona mfupa, unaushika. Goti la kamera linakunyang'anya yote hayo. Mikono iko chini, macho yako kwenye skrini. Ukisukuma mpini kushoto, ncha kule ndani inakwenda kulia. Picha ni bapa, kwa hiyo unadhani umeigusa menisko, ile gegedu ya mwezi mchanga iliyo kati ya mifupa ya goti, kumbe chuma kiko nyuma yake kabisa. Mtu mwenye mikono hodari kwenye mivunjiko anaweza kuingia humo akaonekana kama hajawahi kushika kisu.

Mimi niliyaonja. Nilikosomea alikuwepo bingwa mmoja aliyekuwa akinipa kamera, kisha picha ikiyumba kidogo anaipokonya mbele ya wauguzi na wanafunzi: "Toka, unatuchelewesha." Haraka yake nilikuwa naielewa, mkanda unaobana paja kuzuia damu hauwezi kukaa siku nzima. Lakini hakuwahi kuniambia picha ilikuwa inayumba kwa nini, na hilo hadi leo linaniuma. Hakuna anayejifunza kwa kupokonywa. Nyie mtakaokuwa mabingwa kesho, kama huna muda wa kufundisha siku hiyo, sema mapema kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, msimfedheheshe mwenzenu akiwa amevaa glovu.

Aliyenifungua macho alikuwa bingwa mwingine. Aliniuliza swali moja: "Taa yako inaingilia wapi?" Sikumwelewa. Kamera ya goti ni fimbo yenye unene wa milimita 4 hivi, na kioo chake cha mbele kwa kawaida kimekatwa mshazari, nyuzi 30. Haitazami mbele moja kwa moja, inatazama pembeni. Waya wa taa unaingilia upande ulio kinyume na inakotazama: waya ukiwa juu, unaona chini, waya ukiwa kushoto, unaona kulia. Kwa hiyo ukitaka kuona nyuma ya kona husukumi fimbo, unazungusha waya kwa kidole cha shahada huku mkono mwingine umeituliza kamera yenyewe isipinduke, ili juu pabaki juu. Alinifanya nizungushe taratibu, fimbo ikiwa palepale, na pembe ya nyuma ya menisko ikajitokeza kutoka nyuma ya fupa la paja, nyeupe, imechanika ukingoni. Nilikuwa nimeshaona magoti mengi kwenye skrini ile, lakini siku hiyo ndiyo niliona mimi.

Sasa kijana wangu, anayeshika kamera ndiye anayeamua kila mtu mle ndani aone nini. Usiidharau. Shika na utaratibu: anzia mfuko ulio juu ya pia ya goti, shuka kwenye pia na mfereji wake, kagua vijia vya pembeni viwili, ingia chumba cha ndani goti likiwa limesukumwa lifunguke, pita katikati uzione ligamenti za msalaba, kisha mguu ukunjwe kwa umbo la tarakimu 4 uingie chumba cha nje. Kila goti, njia ileile, hata kama tatizo unalijua. Ukiwa na njia hupotei, na bosi akiona hupotei ndipo anakupa kile chuma chenye ncha ya kulabu upapase. Sheva, kile chuma kinachozunguka kikikata na kunyonya, na mkasi vitakuja baadaye, msivililie.

Wanaosema huku kwetu haiwezekani kwa sababu hatuna maabara ya mazoezi wananikera kidogo. Kenji Takagi wa Tokyo, mwaka 1918, alichungulia goti la maiti kwa chombo cha kuchungulia kibofu. Mwanafunzi wake Masaki Watanabe akaendelea hadi mwaka 1962 akaondoa kipande cha menisko kwa njia hiyo. Robert Jackson wa Kanada alipotaka kujua, alisafiri hadi Tokyo miaka ya 1960, akakaa karibu na Watanabe, akarudi Toronto nayo. Hakuna aliyewatandikia zulia.

Nyumbani nilitengeneza sanduku. Boksi la plastiki lenye matundu mawili, na kamera ndogo ya waya ya kuchungulia mabomba, zile zinazouzwa Kariakoo na kuchomekwa kwenye simu. Haina mshazari wa nyuzi 30, hilo likubali. Ndani nilipigilia vijiti, nikawa nahamisha vipete vya mpira kutoka kijiti hiki kwenda kile, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, macho kwenye simu. Wamarekani wana programu yao ya mafunzo, FAST, iliyoandaliwa na chama chao cha athroskopi, yaani upasuaji huu wa kamera, pamoja na wenzao wa mifupa, na mazoezi yake yanafanana na hayo: kukutanisha ncha mbili mahali usipopaona, kuhamisha vitu, kufunga fundo. Kila siku kidogo. Anayengoja siku ya zamu ya goti ndipo azoeze mkono, anamzoezea mgonjwa, na mgonjwa hakuja kwa ajili hiyo. Hili ninalisema kwa ukali kwa makusudi.

Na goti la ng'ombe linafaa sana. Nenda buchani asubuhi, mwambie muuza nyama asilipige shoka kiungoni, akatie juu kwenye paja na chini kwenye muundi, ngozi ya ndani ya kiungo ibaki nzima ili maji yasivuje. Lifunge kwenye jiriwa, tundika chupa ya maji juu, ingiza kamera. Mkimaliza kuchungulia, lifungueni kwa kisu mkague mlichokwaruza kwenye gegedu. Nenda na mwenzako, mmoja ashike kamera mwingine chombo, kisha mbadilishane.