Wasomaji Wanauliza: Niache pampu ya petroli?

SWALI: Nalima nusu eka ya mboga kando ya mto, Morogoro, kwa pampu ya petroli ya inchi 2. Kila EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei mpya ya mafuta, hesabu yangu inavurugika. Fundi wa sola ananiambia ninunue paneli na betri mbili. Pampu iko mita 4 juu ya maji, na bustani mita 8 juu ya pampu.

JIBU: Betri achana nazo. Maji yakishapanda kwenye simtanki, akiba yako ndiyo hiyo.

Anza kupima maji, paneli baadaye. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000. Kiangazi, mboga zilizokomaa zinataka milimita 5 hivi kwa siku, yaani lita 10,000. Kimo ni 4 na 8, ongeza 2 za mnara wa simtanki na 1 ya msuguano wa bomba: mita 15. Kazi hiyo peke yake ni yuniti 0.41 za umeme, lakini pampu ndogo hupoteza zaidi ya nusu, kwa hiyo weka 1.1. Gawa kwa saa 5 za jua kali, kisha fidia robo inayoliwa na joto na vumbi. Unapata paneli za wati 300.

Kinachowaangusha wengi ni kasi. Wati hizo zinakupa lita 33 kwa dakika. Pampu yako ya petroli humwaga mamia. Ukiachia lita 33 kwenye mfereji, zitazama mchangani kabla ya kufika mwisho wa tuta, halafu sola ndiyo italaumiwa. Shamba lililopangwa kwa petroli lipangwe upya: simtanki la lita 5,000 linalojaa na kumwagwa mara mbili kwa siku, na mipira ya matone. Weka chujio, maana tope la mto huziba vitundu, na kila wiki fungua ncha za mipira uchafu utoke.

Kama unaogopa wezi na paneli utaziweka nyumbani, angalia waya. Kwa volti 36 na umbali wa mita 40, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unakula karibu asilimia 20 ya umeme. Wa 4 unakula 8 tu.

Ya petroli usiiuze. Ibaki kwa wiki za mawingu, ila uikaushe kabureta kabla ya kuihifadhi.

SWALI: Na urea je? Nayo inapanda.

JIBU: Urea hutengenezwa hasa kwa gesi asilia, au makaa ya mawe kama China. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kupata kiasi hicho kwa samadi kavu ya kuku yenye asilimia 3 itakubidi uwe na kilo 770 hivi, na si naitrojeni yote itakayotoka msimu wa kwanza. Kwa hiyo punguza urea kidogo kidogo, na kila msimu tenga matuta kadhaa ya kunde, zinazoongeza naitrojeni udongoni, masalia yake uyafukie humohumo.