Madogo wa fizio, shikeni shingo kwanza ndo muandike

Kila awamu ya interns wa fiziotherapia wakija naona makosa yaleyale kwa vichanga wenye shingo iliyopinda (torticollis), naomba niyaandike hapa nipumzike kusema.

1. Kichwa kikilalia kushoto na kidevu kikaangalia kulia, msuli uliokaza ni SCM ya kushoto (ule msuli wa pembeni ya shingo, kutoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua). Andika upande wa msuli jamani, sio anakoangalia mtoto! Ukikosea, wa zamu inayofuata ananyoosha upande usio na shida. Hapo kichwa unakilaza kulia, kidevu unakigeuza kushoto, taratibu, mtoto akikakamaa unaacha, hatushindani nguvu na kichanga.

2. Kagua nyonga pia, maana shingo hii mara nyingine huja na nyonga isiyokaa sawa. Zote mbili.

3. Sio kila shingo iliyopinda ni msuli. Hapa nina deni. Aliletwa mtoto ameshaanza kukaa, rufaa imeandikwa torticollis, nami nikanakili hivyohivyo. Shingo ilikuwa inageuka vizuri pande zote, hakuna uvimbe wala msuli uliokaza, lakini nikampa mama mazoezi. Akaniambia, "Dokta, mbona akilala shingo inanyooka yenyewe?" Nikamjibu endelea tu mama. Akawa anatoka Mbagala huko, daladala mbili, mtoto mgongoni, na mimi kila akija hamna mabadiliko namsema kwamba nyumbani hafanyi, kumbe masikini anafanya kila siku na mtoto analia bure. Siku moja sista mmoja wa siku nyingi akapita, akamfunika mtoto jicho moja kwa kiganja, kichwa kikanyooka palepale. Tatizo lilikuwa msuli wa jicho, mtoto anainamisha kichwa ili asione vitu viwiliviwili! Nikaandika rufaa ya macho, nikamwomba mama radhi, akasema "haya" basi, akafunga mbeleko akaondoka. Bora angenitukana.

Kwa hiyo shingo ikigeuka yote, simama ufikirie. Na ikipinda ghafla, au mtoto ana homa au anatapika tapika, muone daktari siku hiyohiyo.

4. Mapema ndo dawa. Akianza kabla ya miezi mitatu wengi wanapona bila kisu, akichelewa mnahangaika muda mrefu na kichwa kinabonyea upande mmoja. Nyumbani: mazoezi kila anapobadilishwa nepi, usiku alale chali, kulala tumbo ni akiwa macho na mtu yupo, ziwa na mbeleko zibadilishwe upande. Na bibi msimtoe nje wakati wa kufundisha, mama akirudi kazini Kariakoo bibi ndo anashinda na mtoto, mpeni mtoto ashike afanye mbele yenu.