Maswali ya Wasomaji: Mwamba tulifunga sisi, pweza wakachukua wengine

SWALI: BMU yetu (kikundi cha wenyeji cha kusimamia uvuvi wa ufukweni) ilifunga mwamba miezi mitatu ili pweza wakue. Siku ya kufungua zikaja ngalawa za kijiji jirani, bei ikaanguka, na kina mama waliovumilia muda wote wakarudi na pweza wawili watatu. Tulikosea wapi? – Mvuvi, Muheza

JIBU: Kufunga hamkukosea. Pweza hukua upesi, na miezi mitatu inatosha kuona tofauti kwenye mizani. Ila mliamua katika kikao kimoja, na matokeo yakaamuliwa kwingine: kwa jirani, halmashauri na kwa mnunuzi.

Leseni ya uvuvi hutolewa na halmashauri, si kijiji. Mwenye nayo haoni kwa nini azuiwe na azimio la kijiji kisicho chake, na ana hoja. Ndiyo maana mradi wa pwani ulioanza Tanga mwaka 1994 ulipanga vijiji kwa makundi yanayotumia miamba ileile, kama eneo la Mtang'ata. Kaeni na jirani kabla ya kufunga: tarehe, doria ya pamoja, na yeye atapata nini. Mkimnyima kila kitu, doria atafanya ya nini?

Kisha azimio lipite serikali ya kijiji, mkutano mkuu, na liidhinishwe na halmashauri ya wilaya kama sheria ndogo. Bila hilo, faini mnayotoza haina nguvu ya kisheria. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliona hivyohivyo kwingi duniani: wenyeji huweza kulinda mali ya pamoja, mradi serikali itambue haki yao ya kujiwekea kanuni.

Anayesahaulika zaidi ni mnunuzi. Mzigo wa miezi mitatu hushuka asubuhi moja, na kwa joto letu kilo ya pweza inataka karibu kilo ya barafu. Boksi lake likijaa, bei anapanga yeye. Iteni wanunuzi wawili au zaidi mapema, bei itajwe mbele ya watu. Walio chini ya gramu 500 kanuni zinakataza kuwavua. Na kwa kuwa pweza akishachomwa kwa chuma hawezi kurudishwa majini akiwa hai, mkaguzi asimame mwambani, asingoje kwenye mizani.

Fungueni siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana kuliko kawaida, na maji ya kwanza yawe ya wanaochokoa kwa miguu. Wazamiaji wa miwani wafuate kesho yake. Na kabla ya kufunga tena, ulizeni kina mama hao watakula nini miezi hiyo mitatu. Wakiishia kukata mikoko, mtakuwa mmewahamishia kesi kwa watu wa misitu.

SWALI: Chumvi inapanda mtoni hadi mashambani. Tumlalamikie nani? – Mkulima, Pangani

JIBU: Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kwa kuwa ndiyo inayotoa vibali vya maji. Lakini msitafute mkosaji mmoja. Mto hupungua kwa mifereji ya Kilimanjaro na Arusha, na kwa ratiba ya kufungulia maji bwawa la Nyumba ya Mungu. Nendeni kupitia jumuiya ya watumia maji, mkiwa na daftari: mahali, tarehe, bamvua au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Chumvi ya siku za bamvua peke yake haithibitishi kwamba mto umepungua.